Santuri Iliyopotelea Njiani

Mwajabu alipofungua mlango alimkuta mzee asiyemjua amesimama barazani. Mzee alijitambulisha kuwa ndiye Mbaraka, mtu aliyeinunua santuri ambayo Mwajabu aliiuza kwenye mnada wa mtandaoni, na ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijamfikia.

"Posta wanasema hawana habari nayo," alisema.

"Mimi niliituma, baba. Masharti ya mnada yanasema mzigo ukishatoka mkononi mwangu, si juu yangu tena."

Aliyasema haraka, kama alivyokwisha kumwandikia. Kisha akaviona viatu vya mzee, vyeupe kwa vumbi la safari, na sauti ikamlegea.

"Nilipaswa kuituma kwa rejista, ili ifuatiliwe njiani. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona uvivu, nikaituma kama mzigo wa kawaida. Nitakurudishia pesa zako."

"Sikufuata pesa, binti yangu. Anayeimba mle ni mama yangu. Alifariki nikiwa mchanga. Sauti yake sijapata kuisikia."

Mwajabu aliketi palepale kizingitini.

"Wewe uliwahi kuipiga?" mzee aliuliza.

"Mara moja, kabla sijaifunga."

"Basi nionyeshe alivyoimba."

Mwajabu hakuwa mwimbaji, na maneno mengi yalikuwa yamemtoka. Alifumba macho, akautafuta ule wimbo, akauanza kwa sauti ya chini. Alikosea, akanyamaza, akaanza upya. Mzee aliketi kando yake polepole, akamsogezea sikio.