Fomu ya Msamaha

Ofisa wa ustawi wa jamii aliifungua fomu ya msamaha. Dawa za saratani zilitolewa bure kwa mgonjwa asiye na mtoto mwenye ajira. Wengine walilipa nusu. Nusu hiyo ilizidi mshahara mzima wa mwalimu aliyeketi kando ya mzee mgonjwa.

"Haya, mzee wangu, una watoto?"

Mwalimu alifungua mdomo. Baba yake, seremala aliyemlea peke yake tangu uchanga, akamwahi.

"Sina. Mungu hakunijalia."

"Na huyu?"

"Jirani tu. Kanisindikiza."

Ofisa aliwatazama. Masikio yao yalikuwa yale yale, yamechomoza kama mikono ya sufuria. Aliyatazama ya mzee, akayatazama ya kijana, kisha akainama na kugonga muhuri.

"Jirani," alisema taratibu, "mshike mzee. Ngazi zinateleza."

Mwalimu alimshika baba yake mkono. Vidole vya mzee vilimng'ang'ania, lakini koridoni, mbele ya makarani, mzee alimwambia kwa sauti ili wote wasikie:

"Ahsante, bwana. Aliyekulea hakupata hasara."