Geti Katika Njia ya Kilimani

Mwenyekiti wa kikundi cha watembeaji alishika geti jipya lililoziba njia, na vidole vyake vikaitambua kazi ya mumewe. Kwenye kona, vyuma vilipoungana, palikuwa na pindo dogo ambalo fundi huyo huliweka kumalizia kila mlango, hata ule wa chumba chao.

"Tunarudi?" mzee mmoja aliuliza nyuma yake.

Wenzake walikuwa wakihangaika na fimbo zao. Mwezi uliopita tu halmashauri ilikubali kuwa njia hiyo ni ya umma, baada ya wao kuhudhuria vikao mpaka makarani wakawachoka.

Alimpigia mumewe simu.

"Geti la kilimani umelitengeneza wewe?"

"Tajiri aliyenipa kazi aliniambia ni la shamba lake."

"Baba watoto, shamba lake linaishia mtaroni. Huku ni njia ya watu. Njoo na mashine ya betri ya kukatia vyuma."

Simu ikakatika.

Alikwenda huku, akarudi kule, akashindwa kukaa. Pikipiki ilipotokea, alisimama. Mumewe alishuka bila kusalimia mtu, akafungua begi, akampa ile mashine.

"Kazi ya mikono yangu siikati," alisema. "Kata wewe."

"Na tajiri akija?"

"Atatukuta wote."

Akavua miwani yake ya kazi, akamvalisha. Ilikuwa bado na jasho lake, na ukungu wake ulimfanya mkewe asione vizuri kitu chochote isipokuwa ile kona.

Akabonyeza swichi.