Mguu wa Mama Polyxeni

"Mguu wangu huu," Mama Polyxeni aliutoa nje ya gauni lake jeusi, abiria wote wauone, "haujawahi kukanyaga kisiwa cha wahuni. Na hautakanyaga!"

"Wala wangu, mama," Argyris akadakia.

Feri ndiyo kwanza ilikuwa inaiacha bandari ya Piraeus. Walikuwa wanakwenda kisiwa cha Amorgos kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu: Argyris, mchumba wake Marianthi, na mama mkwe mtarajiwa, ambaye bila baraka zake harusi hakuna. Sharti lake alilitoa siku ile ile ya posa. Kijana aliyewahi kulala Ios, kisiwa hicho cha wahuni, hata usiku mmoja, binti yake atamsikia kwa jirani. Ios! Watoto wa watu wanakwenda kule na akili zao timamu, wanarudi na mchanga kichwani.

Argyris alikuwa amelala Ios majira mawili mazima ya joto. Julai na Agosti, akibeba sinia kwenye baa ya Thrasos, shati begani.

Lakini nani angejua? Feri hugusa Ios mara moja tu, mlango wa nyuma unashuka hata kabla haijasimama, watu wanamwagwa kama viazi, safari inaendelea.

"Mwige mama," Marianthi alimnong'oneza. "Kila Septemba anajifungia kwa watawa mlimani, wiki mbili. Anarudi miguu imevimba kwa kusimama ibadani, na sauti imekauka kwa kuimba zaburi."

"Kweli huyu ni mtakatifu," alisema Argyris.

Mtakatifu akatema ptu, ptu, ptu kufukuza kijicho, kisha akawahamisha viti. "Njooni huku, nyuma ya bomba la moshi. Upepo haufiki." Na kweli haukufika.

Kisiwa cha Sifnos kikapita. Cha Folegandros kikapita. Vijana wawili walitoa gitaa, na kiatu cha mama kikaanza kugonga sakafu. Alipoona Argyris anakitazama, akakificha chini ya kiti. "Ganzi," alisema.

Ndipo upepo wa kaskazini ulipochachamaa. Kahawa zikaanza kutembea mezani zenyewe. Kipaza sauti kikakohoa: bandari zimepiga marufuku meli zote kusafiri, abiria wote watashuka Ios mpaka bahari itulie.

Argyris alifungua kinywa kukataa.

"Hatushuki!" Lakini sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mama. "Tunalala humu humu melini. Kwenye viti!"

"Mama amesema!" Argyris alisimama kabisa. "Viti vyenyewe vizuri."

"Jamani!" Marianthi aliwashika mikono wote wawili, machozi yakimlengalenga. "Leo ndiyo mara ya kwanza mnapatana."

Baharia mmoja aliwasikiliza, akakuna kidevu. "Bibi, nani kakudanganya hii ni nyumba ya wageni? Haya, mlangoni, mlangoni!"

Wakashuka. Mama Polyxeni alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani na miwani myeusi juu yake. "Vumbi," alisema. Argyris alikuwa ameishusha kofia mpaka kwenye nyusi na kulibeba sanduku begani, upande wa watu. Yeye hata hakuulizwa kwa nini.

Gatini wenye nyumba walikuwa wanapiga kelele kama mnadani. "Vyumba! Vyumba safi! Bahari dirishani!" Na mbele yao wote, tumbo likitangulia, alisimama Thrasos mwenyewe.

Argyris alimwahidi Mtakatifu Nikolao mshumaa wenye urefu wake yeye mwenyewe. Akaongeza wa pili, wa urefu wa Marianthi.

Thrasos alikunja uso. Akachungulia. Kisha akatanua mikono kama mtu aliyeona nduguye aliyetoka vitani, akaja mbio, akiwapiga watu vikumbo.

Nimekwisha, Argyris alijiambia. Akaweka sanduku chini, akavua kofia, akafumba macho.

Thrasos akampita kama nguzo ya taa, akamnyanyua Mama Polyxeni juu juu, mtandio huku, miwani kule.

"Polyxeni wangu! Mbona mapema, Septemba bado? Twende ukaone! Ile meza uliyoivunja kwa kucheza nimeiwekea miguu ya chuma!"