Ufunguo Hautoki

"Ufunguo hautoki, kaka," alisema mwanamke wa dirishani kwa mara ya tatu, bila hata kuinua macho.

Mrefu alisogea karibu na dirisha. Shati lake la kazi, lenye mikono mifupi kuliko mikono yake, lilikuwa limeloa mgongoni kama la mtu aliyenyeshewa, na jua la saa nane lilikuwa likichoma. Lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa tatu wa ghala, limejaa magunia ya unga, milango yake ya nyuma imefungwa. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari, nyuma ya kichwa cha mwanamke huyu.

"Dada yangu, mzigo umeshaingia. Unasubiri nini tena?"

"Nasubiri sheria." Aligonga kwa kalamu karatasi iliyobandikwa ukutani. "Lori likipakiwa, ufunguo unakaa kwangu. Hautoki mpaka kila aliyeingia ndani awe ametoka. Wewe mgeni hapa?"

"Mgeni. Njia hii sijawahi kuletwa."

"Ndiyo maana. Asubuhi alikupokea mwenzangu, yule ana moyo laini. Mimi madereva wananiita Komeo."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Mrefu. Alikuwa shemeji yake. Akageuka pembeni na kupokea kwa sauti ya chini.

"Umeshatoka?"

"Bado. Ufunguo."

"Nipo hapa njia panda na mwenye kupokea mzigo. Hana subira huyu, unamjua. Zungumza na huyo mwanamke."

Simu ikakatika. Shemeji ndiye aliyemtafutia kazi hii, baada ya miezi saba ya kukaa nyumbani huku mkewe akimtazama kwa jicho linalosema bila kusema. Si kazi ngumu, shemeji alimwambia, ni kuendesha tu. Mrefu aliitikia upesi, maana mwenye njaa hachagui. Sasa alijiona kama mtu aliyekubali kuvuka mto kabla ya kuuliza kina chake.

Komeo alikuwa akipitia daftari. "Makuli wanne waliingia, wanne wametoka. Wale pale wanakunywa maji. Halafu dereva, aliingia mwisho kukaza kamba za mzigo."

"Na dereva si huyu unayezungumza naye?" Mrefu alijaribu kucheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

"Haya, watano. Lakini nitafungua nichungulie."

"Uchungulie nini, dada? Si umeshahesabu?"

Kalamu ikatulia. Komeo akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Kaka yangu mkubwa alikuwa kuli," alisema. "Mbali na hapa. Walipakia saruji, wakamaliza, yeye akarudi ndani kuchukua kofia yake. Dereva alikuwa na haraka kama wewe. Akafunga, akaondoka. Kwenye mteremko wa kwanza mifuko ikahama. Walipofungua mwisho wa safari, walianza kuona viatu."

Mrefu aliitazama milango ya lori iliyofungwa.

"Hakufa papo hapo. Alikwaruza mbao mpaka kucha zikatoka. Mpaka leo mama anauliza dereva hakusikia vipi."

Toka ghalani hadi njia panda palikuwa na mteremko mrefu wenye kona mbili kali. Mrefu aliujua. Alijua pia kwamba kamba za magunia hazikukazwa hata moja. Akaegemea ukuta.

"Komeo!" Msimamizi wa ghala alikuwa akija mbio, mkanda umezidiwa na tumbo. "Malori manne yanasubiri mlango huo. Mpe mtu ufunguo wake, ama kesho nikupe ufagio."

"Bado sijachungulia, mzee."

"Ufagio, nimesema."

Komeo akasimama. Akautoa ufunguo kwenye msumari, akaufumbata kiganjani, kisha akainama karibu na dirisha ili msimamizi asisikie.

"Kaka, mimi nina watoto, siwezi kushindana na huyu. Niambie tu kwa kinywa chako, nilale leo. Humo ndani hamna mtu?"

"Hamna," Mrefu alisema.

Ufunguo ulikuwa wa moto kwa jasho la mwanamke yule. Kuli mmoja akaondoa kabari kwenye magurudumu na kuinua kidole gumba. Mrefu akapanda, akakaa nyuma ya usukani, akamtumia shemeji neno moja: nimeupata. Njia mbele yake ilikuwa nyeupe, tupu, imeinama kuelekea bondeni.

Akatega sikio. Hakusikia kitu. Akagonga kwa konzi ubao wa nyuma ya kiti, polepole, mara mbili. Akasubiri. Kimya. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu.

Simu ilianza kulia kitini. Aliiacha hapo hapo ikilia, akashuka, akarudi kwa hatua za mtu anayetembea juu ya miiba. Msimamizi alifungua kinywa kumfokea, akamwona uso, akampisha. Mrefu akaweka ufunguo dirishani.

"Dada, ita watu wafungue milango haraka," alisema. "Dereva wa lori hili yumo kati ya magunia. Nilimvizia humo, nikamvua shati, kisha nikamfunga mwenyewe."