Saa Nne na Nusu kutoka Kuala Lumpur

Kwa siku ya nne mfululizo, dengu ya mama mkwe haikuwa na chumvi.

"Nimesahau tena," alisema Bi Harimaya, akimpakulia mkwewe wali. "Uzee huu! Kula hivyo hivyo, mwanangu."

Sarmila alikula, akashukuru kimoyomoyo. Kwao Kathmandu mjane haonji chumvi siku kumi na tatu, naye alikuwa mjane tangu Jumatatu, simu ilipopigwa kutoka Kuala Lumpur: Khagendra ameanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilijenga.

Simu aliipokea Tilak, mdogo wa marehemu.

"Mama asijue, shemeji," alisema. "Moyo wake hautahimili. Tumwambie kaka anakuja likizo. Ndege inayoleta mwili ikishatua, ndipo useme, taratibu."

Kwa hiyo bangili nyekundu zilibaki mikononi mwa Sarmila. Kuzivunja, kama mila inavyotaka, kungekuwa kusema yote. Alilia bombani tu, akiosha vyombo vilivyokuwa safi tayari, na bahati nzuri mama mkwe siku hizi alipenda redio yenye sauti ya juu.

Asubuhi hiyo Tilak alifika na gari la mizigo.

"Ndege imeondoka saa tatu, kwa saa zao," alisema.

"Ni mbali?" aliuliza Bi Harimaya.

"Kilomita elfu tatu na zaidi, mama. Saa nne na nusu hewani."

"Basi la kijijini kwetu hula siku nzima! Huyo rubani hasimami kunywa chai?"

"Asimame wapi, mama? Juu ya wingu?"

Walicheka wote wawili. Sarmila akageukia ukuta.

"Saa zao zimetutangulia kwa saa mbili na robo," Bi Harimaya alihesabu vidoleni. "Basi atatua saa tano na robo. Mbona gari kubwa hivyo?"

Tilak alitazama viatu vyake. "Ana mizigo mingi."

"Haya. Mkirudi, mwende polepole. Barabara ina mashimo."

Gari likaondoka. Wanawake wawili wakakaa mkekani, saa ya ukutani ikienda. Bi Harimaya alichambua mchele uleule mara mbili.

Saa tano na robo ikapita. Saa tano na nusu, simu ya Sarmila ikalia.

"Imetua," Tilak alisema. "Mwambie sasa, shemeji."

Maneno aliyoyapanga siku nne yalimkimbia. Alishika mkono wa mama mkwe, bangili zikagongana.

"Mama… Khagendra…"

"Ngoja," alisema Bi Harimaya.

Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akafungua sanduku la bati, akatoa sari nyeupe, ile aliyoivaa mwaka aliofiwa na mumewe. Ilikuwa imefuliwa upya na kupigwa pasi. Akaiweka mapajani pa Sarmila, akampapasa bangili moja moja.

"Kaa nazo mpaka afike mlangoni," alisema. "Na ile chumvi, mwanangu, sikuisahau hata siku moja."