Kitanda cha Dirishani

"Sombe hii haina chumvi hata kidogo," Lise alisema bila kuinua kichwa kitandani. "Unataka kutuua?"

"Docta njo alikataza chumvi, mama," Hulda akajibu.

Lise akaguna. Kwa ajili ya mtoto angekula hata majani makavu. Akavuta sahani, akamaliza ugali wa bukari, akamaliza na mboga ya sombe. Hulda akachukua sufuria, akakwangua kilichobaki akiwa amesimama.

Walifika juzi, wawili, kama inavyotakiwa hospitalini: mgonjwa mmoja na garde-malade mmoja, wa kumpikia mgonjwa, kumfulia na kumlinda. Hospitali hutoa kitanda na daktari. Mengine yote ni juu yenu wenyewe.

Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilifika mwezi wa nane, watu wakaanza kucheka tena nyumbani, na papo hapo presha ikapanda. Daktari hakuzungusha maneno. Kulala, akasema, kwa upande wa kushoto, na kubeba kitu kizito ni marufuku, la sivyo tutampoteza mtoto.

Lise alisikia vizuri. Alizaliwa katika kanisa la Methodisti, amesoma, na mtu aliyesoma hachezi na neno la daktari. Kwa hiyo alilala upande wa kushoto, uso mlangoni, apate kumwona kila aingiaye na jicho baya. Godoro lilikuwa zuri. Barabara ya Kabongo ilikuwa imemvunja mgongo, na Hulda, aliyelelewa vizuri, ndiye aliyetandika shuka na kumwambia, "Lala, mama." Kisha mwenyewe akatandika mkeka sakafuni.

Asubuhi, kabla ya daktari kupita, mkeka ulikunjwa, garde-malade wote wakatolewa nje, kila mtu akawa mahali pake. Daktari alisema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Lise aliposikia habari hiyo aliimba wimbo mzima wa kanisa, beti zote, hata wagonjwa waliotaka kusinzia wakaamka.

Lakini hofu yake ilikuwa ya kweli, tusimcheke. Kila kichanga kilipolia chumba cha pili, machozi yalimtoka. Chini ya mto alikuwa ameficha kofia ndogo ya sufu ya njano aliyoifuma mwenyewe, na hakuthubutu kumwonyesha mtu. Alimpenda mtoto huyo kabla hajamwona, akamwogopea kila dakika.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Philémon, baba wa mtoto, karani aliyetumwa kazini Malemba-Nkulu, ambako mtandao hupatikana kwa bahati.

"Mama, mutoto iko namna gani?"

"Ngoja kwanza." Lise akanyoosha kiganja, akakiweka tumboni, akatulia. Hulda alisimama karibu kabisa na kitanda, sufuria mkononi, akingoja amalize. Teke likaja, la nguvu. "Anacheza! Hii ni mwanaume, minyi nakwambia. Asante Yesu!"

"Na repos, ile kupumuzika? Docta alisema repos njo dawa."

"Repos?" Lise nusura acheke. "Tangu tulifika, kitanda hii haiyabakia bule, bila mutu, hata kidogo!"

Philémon akashusha pumzi ndefu, akamshukuru Mungu, na mtandao ukakatika.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Kanyinda, mkulima wa kijijini, Mkatoliki, mwenye mapacha tumboni na ulimi usiolala. Tangu juzi alikuwa akitazama kama mtu aliyemeza mfupa. Sasa mfupa ukamtoka.

"Mama Lise, umuache Hulda aikale chini kidogo. Hausikie vile anahema?"

"Akiikala, nani atachota mayi? Weye?"

Wakatoliki hawa, Lise aliwaza, wanajifanya wana huruma kuliko Bwana Yesu mwenyewe. Hulda hakuwa amelalamika hata mara moja. Kila akiitwa aliitika "Ee, mama," na kuvaa zile kandambili zake kubwa za kiume. Lise aliliona hilo kuwa jambo jema. Wasichana wa siku hizi wachache wanajua heshima.

Jua lilipoanza kupungua ukali, mgongo ukamkumbusha Kabongo. Maji ya moto yangefaa.

"Hulda!"

"Ee, mama."

Hulda alijisukuma ukutani mpaka akasimama, akachukua bidoni ya njano ya kuchotea maji, akatoka polepole kuelekea pampu, mkono mmoja kiunoni. Kanyinda akageuza uso, akaanza kusali rozari kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Lise naye akafumba macho akasali, tena kwa moyo wote. "Bwana, zile mbili ulichukua, hatukusema kitu. Hii ya tatu utuachie. Ukitaka kuchukua mtu, unichukue minyi." Chozi likateremka mpaka kwenye mto, juu ya kofia ya njano.

Alipofumbua macho, kijana mwenye koti jeupe alikuwa amesimama mbele yake, na mkononi ana kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto. Alikuwa Timothée, muuguzi, aliyerudi kazini siku hiyo kutoka likizo. Alitazama namba ya kitanda. Akatazama mvi za Lise. Akatazama namba tena.

"Samahani, mama. Mugonjwa wa kitanda hii iko wapi?"

"Muke ya mutoto wangu Philémon?" Lise akasema, akijigeuza vizuri upande wa kushoto. "Nilimutuma ku pompe, aniletee mayi ya kuoga."