Jiko la Tatu la Orville

"Hili hapana. Linawaka kirahisi mno," Orville alisema, akaligeuzia mgongo jiko la gesi alilokuwa amelichezea kwa muda mrefu.

Tammi, mama muuzaji, aliangua kicheko. "Makubwa haya! Wenzako wananirudishia majiko kwa kuwa hayawaki. Wewe mzee unalikataa kwa kuwa linawaka?"

Ardis, mkewe Orville, alikuwa ameketi kwenye kiti cha bustani kilichowekwa pale kwa kuuzwa, wala hakuona haya. Alikuwa amechoka kusimama. Hili lingekuwa jiko la tatu la kuchomea nyama tangu Oktoba. La kwanza, la bei poa kupita yote, lililiwa na kutu kwa ajili ya theluji. La pili Orville alimpa jirani likiwa zima kabisa, eti kibonye chake cha kuwashia hakimpendezi.

"Sina haja ya makubwa," Orville alisema. "Nataka la bei nafuu, lenye mfuniko unaofungika kwa kufuli. Na hivi vifundo vya kufungulia gesi, vinachomoka?"

"Ukivivuta vinatoka. Kwani mtaani kwenu kuna wezi wa soseji?"

"Wee, acha tu."

Ardis aliangalia pembeni. Alijua kufuli ni ya nini, na moyo ulimuuma. Mzee wa watu alikuwa anajiogopa mwenyewe.

Walichukua dogo la vichomeo viwili, lililopunguzwa bei kwa sababu mfuniko ulikuwa umebonyea. Kwenye foleni ya kulipa, Ardis alimgusa mumewe mkono. "Unakumbuka mwanetu Renae anakuja Jumapili?"

"Nakumbuka, mpenzi," Orville alijibu kwa upole, vilevile alivyojibu walipokuwa wanatoka nyumbani, na tena waliposhuka kwenye gari. Ndivyo ilivyokuwa siku hizi, kukumbushana kutwa nzima.

Yote yalianza na mapazia. Siku hiyo ya Oktoba Ardis aliingia jikoni akamkuta Orville anapigapiga moto kwa taulo, viganja vimebabuka, mapazia ya dirishani yameteketea. Mwanamume ambaye tangu amuoe hajawahi kuchemsha hata yai! Alikuwa anatafuta nini pale jikoni? Ardis hakumuuliza. Mtu akianza kusahau, kumhojihoji ni kumdhalilisha bure.

Jiko la ndani likaondolewa, fundi akawa wa kesho na keshokutwa, na Orville akahamishia upishi wote uani. Mayai uani, supu uani, kahawa uani, theluji imemfika magotini. Majirani walimpungia mikono kwa furaha. Kwao Wisconsin, huko Marekani, ndivyo ilivyo, mwanamume akisema jiko la uani ni lake na asiliguse mtu, hakuna anayemuuliza zaidi. Watu wanamwona dume kweli.

Binti yao Renae ndiye hakufurahi. Alikaa nao mezani, akamkazia macho baba yake, akasema, "Moto mmoja tena, basi. Nyumba ya wazee ina nafasi, nimeshaulizia." Na sasa alikuwa anakuja kujionea mwenyewe.

Ndiyo maana Ardis alikuwa hoi. Kumlinda mtu mzima bila mwenyewe kujua kwamba analindwa si mchezo. Orville akiinuka, naye anainuka. Akitoka uani, naye yuko dirishani. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, sikio liko kwa mzee. Wakati mwingine alitamani kulia tu, lakini angelilia wapi Orville asimwone? Kila akigeuka, mzee yuko nyuma yake.

Jumapili ikafika. Orville alifungua kufuli, akapachika vifundo, akaliwasha jiko lake jipya kwa njiti ya kiberiti. Soseji zilikuwa zimeshachemshwa kwenye bia na vitunguu, na moshi wake ulimvutia jirani aliyechungulia juu ya ua.

"Orv! La tatu hilo! Unafungua duka?"

"Wewe lete mkate, maneno baadaye!"

Ardis alimshika Renae mkono, akamvuta pembeni, karibu na mlango wa nyuma.

"Mwanangu, nakuomba. Usimpeleke baba yako kule."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Tangu Oktoba hajaunguza kitu. Mimi namwangalia, simwachi hata kidogo. Ukimtoa nyumbani kwake atanyong'onyea, atakufa. Kama unaogopa nitachoka, mimi sijachoka." Hapo alidanganya, na sauti ikamsaliti kidogo. "Niachie mume wangu, Renae."

Machozi yalimlengalenga Renae. Alimkumbatia mama yake, akamshikilia kwa muda.

"Sawa, Mama. Sawa. Hatakwenda."

Ardis alishusha pumzi. Mwili wote ulilegea kwa ahueni. Aliingia ndani kuchukua sahani, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alisikika akiimba taratibu.

Renae alimwendea baba yake, akasimama kando ya jiko. Alimwona kwa karibu sasa, mashavu yamebonyea, macho mekundu, shati linampwaya.

"Baba," alinong'ona, "anadhani ni wewe unayesahau."

"Najua." Orville aligeuza soseji, jicho liko kwenye mlango alioingilia mkewe. "Mwache adhani hivyohivyo. Tangu aanze kunilinda mimi, hajausogelea moto."